Nani Ameshika Ufunguo wa Jikoni?

Hotuba hii niliitoa kwenye mkutano wa wazazi, ndugu na wahudumu wa makao ya watu wazima wenye ulemavu wa akili na usonji. Wengi hawakufika kwa sababu walikuwa zamu, au hawakupata wa kumwachia mtu wao. Kwa ajili yao naiweka nzima. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Ndugu zangu, hamjambo.

Naanza na nyinyi mliokaa safu ya mbele, nyinyi mnaoishi kwenye makao. Nimezoea mikutano ambayo watu kama nyinyi mnasemwa mkiwa hampo. Leo mpo. Nikisema lisilo kweli, nikatizeni. Mmoja wenu ameshanikatiza hata kabla sijafungua mdomo: ameniambia kipaza sauti kinapiga kelele. Ni kweli, na kimepunguzwa. Asante, bwana.

Wazazi, shikamooni. Wahudumu wenzangu, nasema wenzangu kwa sababu nilifanya kazi ya zamu miaka 7 na mgongo wangu ni shahidi, habari za kazi? Na kama kuna wakaguzi humu ndani, karibuni pia, leo hatutawatolea faili.

Nina swali moja. Nitaliuliza mara nyingi mpaka mnichoke. Kwenye makao anayoishi ndugu yako, nani ameshika ufunguo wa jikoni?

Mdogo wangu ana usonji na ulemavu wa akili pia. Maneno anayoyasema hayafiki 20, na anayatumia kama mtu anayetoa akiba, kwa uchungu. Alipotimiza miaka 18, milango yote ya huduma za watoto ilifungwa kwa mpigo: shule kwaheri, daktari wa watoto kwaheri, yule mama wa mazoezi ya kuongea kwaheri. Wengi wenu mnalijua bonde hilo. Mtu analala mtoto, anaamka mtu mzima, na hakuna aliyeandaa kitanda upande wa pili. Wako waliowapeleka vijana wao kwenye nyumba za wazee kwa sababu ndiko kulikobaki nafasi. Kijana wa miaka 22 anaishi na watu wanaolala saa 1 jioni. Siwalaumu. Nawaeleza tu kwamba nasi tulikaribia kufanya hivyo.

Tukazunguka, tukapata makao mazuri kwa macho. Sakafu inang'aa. Ratiba ya wiki imebandikwa ukutani kwa rangi. Msimamizi alituonyesha kabati la faili kama mtu anayeonyesha vyeti vya shule. Tukamwacha mdogo wangu pale, tukarudi nyumbani tumeridhika.

Mwezi wa 3 nilifika bila taarifa, saa 10 alasiri. Watu 6 wamekaa sebuleni, televisheni inaonyesha katuni za watoto wa chekechea. Mmoja wao ana mvi. Hakuna anayetazama. Mdogo wangu hayupo kwenye viti. Amesimama mbele ya mlango wa jikoni, paji la uso limegusa ubao. Nikauliza, anafanya nini? Mhudumu akanijibu bila ubaya wowote, "Ah, hiyo ndiyo tabia yake. Husimama hapo kila siku."

Mlango ulikuwa na kufuli. Nikauliza, ana kiu? Akanitazama. Halafu akatazama saa, kwa sababu ufunguo alikuwa nao mtu wa zamu ya jioni.

Alipopewa maji, alikunywa glasi 3 bila kupumzika.

Baadaye niliomba kusoma faili lake. Nikakuta imeandikwa, kwa mwandiko nadhifu kabisa: "Ana tabia ya kung'ang'ania mlango." Ndugu zangu, kiu ya mtu ilikuwa imegeuzwa kuwa tabia yake. Na hakuna aliyempiga. Hakuna aliyemtukana. Mkaguzi angekuja siku ile, angekuta kila karatasi iko mahali pake.

Ndiyo maana nauliza: nani ameshika ufunguo wa jikoni?

Msidhani swali hili ni la dada mwenye uchungu tu. Mwaka 2014 serikali ya Marekani ilitoa kanuni kwa makao yanayolipwa kwa fedha za bima yake ya Medicaid, nje ya hospitali na taasisi. Ukiisoma, utadhani imeandikwa na mtu aliyewahi kusimama mbele ya mlango ule. Inasema mkazi awe na uwezo wa kufikia chakula wakati wowote. Awe na mlango wa chumba anaoweza kuufunga mwenyewe, na kwa upande wa wahudumu, funguo wawe nazo wanaostahili tu. Anayelala naye chumba kimoja amchague mwenyewe. Wageni awapokee saa anayotaka. Ratiba yake aipange yeye. Na kabla ya hapo, mwaka 2006, Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na Ibara ya 19 inatamka kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuchagua aishi wapi na aishi na nani, sawasawa na watu wengine. Aishi na nani! Wangapi humu ndani waliulizwa wangependa kuishi na nani? Nyosheni mikono, nyinyi wa safu ya mbele.

Mmoja. Haya.

Najua mzazi mmoja pale nyuma ananitazama kwa jicho kali, na namjua. Mwanawe ana Prader-Willi, hali ya kuzaliwa nayo ambayo njaa haina mwisho. Mtu anaweza kula mpaka akafa. Mama, hujakosea. Kwa mwanao jikoni pengine lazima lifungwe. Kanuni ile ya Marekani nayo inaruhusu, lakini kwa masharti: iandikwe kwa nini, kwa mtu yupi, ni njia gani nyepesi zilijaribiwa kwanza zikashindwa, mwenyewe au anayemwakilisha akubali, na itazamwe upya kwa vipindi vilivyowekwa. Kufuli la mtu mmoja lenye sababu ni tiba. Kufuli la watu 7 kwa sababu ya mmoja, au kwa sababu mpishi hapendi kusumbuliwa, hilo ni jela. Nami ninayesema haya nimewahi kulifunga kufuli la namna hiyo.

Tuseme ukweli. Wahudumu wengi si wakatili. Wengi tuna haraka. Nilipoanza kazi, kulikuwa na dada mmoja niliyemhudumia, wa miaka 30 hivi, mkono mmoja mzito. Kila asubuhi nilimtandikia kitanda kwa dakika 3, nikamvalisha kwa dakika 5, nikamkalisha sebuleni amependeza, nikaenda kwa mwingine. Msimamizi alinisifu. Kufikia saa 3 asubuhi nyumba nzima imeshang'aa, na wenye nyumba wamekaa mikono mapajani mpaka jioni.

Akaja mwalimu mmoja wa mafunzo. Akanitazama asubuhi nzima hajasema neno. Mwishowe akaniuliza, "Wewe ukimaliza kazi zake zote saa 3, yeye anabaki na kazi gani ya kuishi?"

Nilikasirika. Nilikasirika wiki nzima. Halafu nikajaribu. Nikamwekea shuka mkononi, nikashika pembe moja, nikangoja. Nyinyi wahudumu mnajua kungoja kulivyo kugumu, vidole vinawasha. Kitanda kilichukua dakika 25 na kilitandikwa upande. Kesho yake dakika 25 tena. Wiki ya pili aliniondoa mkono wangu kwenye pembe ile. Aliuondoa kwa nguvu. Hakuwahi kunigusa kabla ya siku hiyo.

Jambo hili limechunguzwa kwa miaka mingi. Watafiti wa Uingereza, akiwemo marehemu Profesa Jim Mansell wa Chuo Kikuu cha Kent, walikaa kwenye makao wakiandika, dakika kwa dakika, mtu anafanya nini na anasaidiwa vipi. Waliyoyakuta yanapaswa kumkosesha usingizi kila anayepanga bajeti: makao yanayofanana kwa fedha, kwa wahudumu na kwa majengo yanatofautiana mno katika maisha ya watu waliomo. Ukiongeza wahudumu tu, mara nyingi wataongea wao kwa wao. Kinachobadilisha mambo ni namna mhudumu anavyomshirikisha mtu katika shughuli ndogo za kawaida: kufungua bomba, kubeba kapu la nguo, kufuta meza. Shughuli inagawanywa vipande vidogo, na mtu anapewa msaada ule tu anaouhitaji kwenye kipande kile kinachomshinda. Hata mwenye ulemavu mzito kabisa. Hata asiyesema neno.

Kwa hiyo ukienda kutafuta makao, usiulize kuhusu safari za matembezi. Kila makao yana picha za matembezi. Nenda siku ya kazi, saa 10 alasiri, wakati ambao hakuna kitu kinachotokea, ukae kimya saa nzima uhesabu: mtu wako, au yeyote, ameshiriki jambo lolote kwa dakika ngapi? Ameulizwa chochote mara ngapi? Na alipojibu, kwa neno, kwa jicho, kwa kusukuma mkono, kuna aliyebadilisha alichokuwa anafanya?

Kuhusu ukubwa wa makao sitakaa sana. Dunia imeshajifunza kwa machozi. Willowbrook, taasisi ya watu wenye ulemavu wa akili kule New York, ilijengwa kwa watu 4,000. Kufikia mwaka 1965 iliwarundika zaidi ya 6,000, na ilifungwa mwaka 1987 baada ya picha za televisheni na kesi mahakamani. Sweden ilipitisha sheria iliyotaka taasisi zake kubwa za watu wenye ulemavu wa akili zifungwe zote ifikapo mwisho wa mwaka 1999. England, mwongozo wa wakaguzi wao wa mwaka 2017 ulitaka makao mapya yawe madogo, kwa kawaida watu 6 au pungufu. Ni sawa. Lakini yale makao ya sakafu inayong'aa yalikuwa na watu 7 tu. Udogo hausaidii kitu kama kufuli ni lilelile.

Sasa nifike kwenye dawa, na hapa naomba mnivumilie, kwa sababu hapa ndipo watu wetu wanapokufa.

Palikuwa na kijana aliyeanza kujigonga kichwa ukutani. Hana maneno. Daktari akaandika dawa ya kutuliza, ile inayotolewa kwa wagonjwa wa akili wanaosikia sauti. Hakuwa anasikia sauti. Akaongezewa dozi. Akanenepa, akawa analala mchana, midomo ikaanza kutetemeka, na bado akiamka anajigonga. Miezi 8. Kisha mhudumu mmoja wa usiku, mama asiye na cheti chochote cha maana, akagundua kwamba anajigonga upande mmoja tu, na baada ya kula. Wakampeleka kwa daktari wa meno. Jino la nyuma lilikuwa limeoza mpaka kwenye mzizi.

Lilipong'olewa, kugonga kuliisha. Kupunguza dawa kulichukua mwaka mzima, kidogo kidogo, kwa sababu dawa hizo huwezi kuziacha ghafla.

Mnadhani ni kisa cha nadra? Mwaka 2015 wataalamu wa afya ya umma England walikadiria kwamba watu wazima wenye ulemavu wa akili kati ya 30,000 na 35,000 walikuwa wakipewa kila siku dawa za magonjwa ya akili bila kuwa na magonjwa ambayo dawa hizo zimetengenezewa. Kadirio hilo ni la nchi moja tu. Mwaka uliofuata wakaanzisha kampeni ya kuzipunguza.

Tatizo lina umbo moja: ulemavu unatia kivuli kila kitu kingine. Mtu asiye na ulemavu akijikunja tumbo, tunamuuliza tumbo. Mwenye usonji akijikunja, tunasema ndivyo alivyo. Akikataa kula, ndivyo alivyo. Akipiga kelele chini ya taa fulani, ndivyo alivyo, hakuna anayeisikia taa ile inavyolia, yeye anaisikia. Na kufunga choo, jambo ambalo hatupendi kulitaja kwenye mikutano yenye viti vya vitambaa, nalitaja: kufunga choo kunaua. Mtu anayekaa siku nzima, asiyekunywa maji ya kutosha, anayemeza dawa zinazopunguza mwendo wa utumbo, choo hukwama mpaka utumbo unapasuka. Kama makao ya ndugu yako hayajui alipata choo lini mara ya mwisho, hayamjui ndugu yako.

Mwaka 2013, mjini Oxford, kijana wa miaka 18 mwenye usonji na kifafa alizama kwenye beseni la kuogea ndani ya kitengo cha huduma cha serikali. Alipatwa na kifafa akiwa peke yake majini. Ilijulikana ana kifafa. Mama yake alikuwa amewaeleza kwamba anaona dalili. Mwaka 2015 jopo la raia lililosikiliza uchunguzi wa kifo chake lilisema uzembe ulichangia. Nawaomba wasimamizi mlioko humu: mama akikuambia "nimeona dalili," usiandike kwenye faili kwamba mama ana wasiwasi kupita kiasi. Andika dalili.

Kuna mtu ameniuliza wakati wa mapumziko: si tuweke kamera? Kamera ni nzuri baada ya ubaya kutokea. Nawaulizeni, nani alifichua Winterbourne View? Ilikuwa hospitali binafsi karibu na Bristol, vitanda 24, watu wenye ulemavu wa akili na usonji. Wastani wa malipo ulikuwa pauni 3,500 kwa mgonjwa mmoja, kwa wiki moja. Msiniambie tena kwamba ubora ni suala la fedha peke yake. Mei 2011 BBC ilirusha picha za kamera ya siri: watu wanapigwa makofi, wanaburuzwa, wanamwagiwa maji ya baridi. Watu 11 walitiwa hatiani, 6 kati yao wakaenda jela. Lakini kabla ya kamera, muuguzi mmoja alikuwa ameshawaambia wakubwa wake, akawaambia na wakaguzi. Hakusikilizwa. Na familia? Familia zilikuwa zinakuja. Zilikaribishwa kwenye chumba cha wageni. Kwenye vyumba vya kulala hazikuruhusiwa kufika.

Mnaona? Tumerudi kwenye ufunguo.

Kwa hiyo, ndugu wa familia, ukienda kumwona mtu wako ukaletewa sebuleni amevaa shati lililopigwa pasi, shukuru, kisha omba akuonyeshe chumba chake. Mwombe yeye, si msimamizi. Angalia kama mlango una kitasa upande wa ndani. Angalia kama vitu vilivyomo ni vyake au ni vya makao. Uliza mhudumu aliyepo ana muda gani pale. Mwaka mmoja mdogo wangu alihudumiwa na watu wapya 19, wenye mishahara midogo, na kila mmoja alianza upya kujifunza kwamba akisema "gari" anamaanisha anataka kutoka nje, na akisema "gari gari" anamaanisha kuna kinachomuuma. Mhudumu akiondoka, kamusi nzima ya mtu inaondoka naye. Nyinyi mnaolipa mishahara, hilo nalisema mbele yenu, na mkitaka tukabishane nje, nipo mpaka saa 11.

Tulimhamisha. Haikuwa rahisi, tulingoja miezi 14. Nyumba anayoishi sasa ina watu 4, rangi inabanduka, na bustani ni ya aibu. Jikoni hakuna kufuli. Visu viko kwenye droo moja inayofungwa, na sababu imeandikwa, inamhusu mkazi mmoja, na mwezi ujao itatazamwa tena. Mdogo wangu ana ufunguo wa chumba chake kwenye kamba shingoni. Mwanzoni hakujua wa nini. Wahudumu walimfundisha wiki 6, kipande kwa kipande: kamata, ingiza, zungusha.

Jumapili iliyopita nilienda kumwona. Nilibisha mlango wa chumba. Akafungua kidogo, akanitazama, akasema neno moja, "Baadaye." Akafunga. Nikasikia ufunguo unazunguka.

Mhudumu akatoka jikoni, akacheka, akaniambia nguo zake ziko kwenye mashine, na mpaka mashine inyamaze hataki mgeni. Akanivutia kiti. Nimekaa pale dakika 40, dada mtu, nimesafiri, nimebeba zawadi, nasikiliza mashine ya kufulia.

Sasa nakaa chini. Anayefuata ni bwana aliyelalamikia kipaza sauti. Atazungumza kwa ubao wake wa picha, na ameomba mumpe muda baina ya picha na picha. Msimmalizie sentensi.